Kori 14 za mtumba au 8 mpya? Kisa cha dada mchoraji na mdogo wake mcheza gemu

Walinijia wawili kuomba ushauri wa kompyuta mwanzoni mwa Februari 2025, jioni, joto la Dar likiwa bado halijashuka. Dada ni msanifu majengo, anachora nyumba za watu akiwa nyumbani kwao Tabata. Mdogo wake wa kiume yuko chuo mwaka wa pili, na usiku ni mtu wa Counter-Strike 2 na Valorant. Walikuwa wameunganisha fedha: dada milioni mbili na laki mbili, kijana milioni moja na laki tatu. Milioni tatu na nusu kwa kompyuta moja ya watu wawili. Monita, kibodi na mausi walikuwa navyo.

Kila mmoja alikuja na prosesa yake kichwani, na prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Dada alikuwa ameona kompyuta ya ofisini ya mtumba kutoka Ulaya, HP Z440, ndani ina prosesa ya Xeon E5-2680 v4 na RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 64, na muuzaji anataka milioni moja na laki tatu tu. Kilichomvuta ni kori 14. Kori ni vile viini vya kufanyia kazi ndani ya prosesa, na dada hoja yake ilikuwa moja: anarenda picha za nyumba, yaani kompyuta inapiga hesabu ya mwanga na rangi mpaka mchoro uwe kama picha halisi, na kurenda kunataka kori nyingi. Kijana yeye alitaka Ryzen 7 7800X3D, kwa sababu tangu itoke Aprili 2023 wacheza gemu wameisifia na sifa hizo ni za kweli.

Kila mmoja alikuwa amesoma na kila mmoja alikuwa na kipande cha ukweli. Ndiyo maana walikuwa wamebishana wiki nzima bila kufika popote, na walipofika kwangu dada alitaka niamue papo hapo. Sikuamua. Nilimwomba kesho yake aniletee laptopu anayofanyia kazi pamoja na faili lake zito kuliko yote. Kwa uzoefu wangu, mtu akikueleza anafanya nini na kompyuta anakueleza kile anachokumbuka, na kinachokumbukwa ni kile kinachoudhi. Saa nyingi za kazi za kila siku hupita bila kutajwa.

Laptopu yake ilikuwa na Core i5-8250U ya mwaka 2017, kori 4. Kila kori ya prosesa hiyo hubeba nyuzi mbili za kazi, kwa hiyo Windows inahesabu nyuzi 8. RAM ilikuwa GB 16. Alifungua Revit (programu ya kuchorea majengo), nyumba ya ghorofa moja yenye paa la migongo minne, akaukamata ukuta wa nje wa chini na kuusogeza sentimita 30. Ukuta ule umeshika madirisha, umeshika paa, umeshika vipimo vya karatasi nne. Mshale ukageuka kiduara. Tukahesabu wote watatu kwa sauti mpaka kumi na moja, ndipo ukuta ukakaa.

Nikamwambia arudie, safari hii Task Manager, dirisha la Windows linaloonyesha prosesa na RAM zinatumika kiasi gani, ikiwa wazi pembeni. Ukuta ulipoganda, prosesa ilionyesha asilimia 13.

"Unaona, kaka?" akasema. "Haijachoka hata kidogo. Shida ni RAM."

RAM ilikuwa imetumika GB 10, bado kulikuwa na nafasi. Na ile asilimia 13 ndiyo ilikuwa jibu lenyewe, ila inataka kusomwa. Chukua 100, gawanya kwa nyuzi 8, unapata 12.5. Maana yake uzi mmoja ulikuwa umebeba kazi yote ukiwa umeelemewa kabisa, na nyuzi saba zilikuwa zimekaa zikitazama. Windows huihamisha kazi hiyo kutoka kori moja hadi nyingine, kwa hiyo hata ukifungua grafu ya kila kori peke yake unaweza usione iliyofika juu. Lakini jumla haidanganyi: ikiganda pale pale kwenye namba ya 100 kugawanya kwa nyuzi, ujue kazi hiyo inabebwa na uzi mmoja.

Sasa peleka kazi ile ile kwenye ile Xeon. Ina kori 14, nyuzi 28. Mia kugawanya kwa 28 ni 3.6. Dada angesogeza ukuta, Task Manager ingeandika asilimia 4, na yeye angekaa anausubiri ukuta. Pengine kwa muda ule ule, maana kori moja ya Xeon hiyo inafika kasi ya gigahezi 3.3 na ya laptopu yake 3.4. Angekuwa ametoa milioni moja na laki tatu ili asubiri vilevile.

Niliwaeleza kwa mfano wa shughuli ya harusi. Kuna gunia la vitunguu la kumenya na kuna sufuria la pilau. Kwenye vitunguu, ukiwaita akina mama 14 gunia linakwisha upesi, kwa sababu kitunguu cha huyu hakimsubiri kitunguu cha yule. Pilau haiendi hivyo. Vitunguu mpaka viwe vyekundu ndipo kitunguu saumu na tangawizi viingie, nyama ishike viungo ndipo maji, maji yachemke ndipo mchele. Akina mama 14 wakilizunguka sufuria moja hawaliharakishi. Unachotaka hapo ni mpishi mmoja mwepesi na moto mkali. Kurenda ni vitunguu: kila kipande cha picha kinapigwa hesabu peke yake. Kusogeza ukuta kwenye Revit, kusukuma uso kwenye SketchUp, kuchora kwenye AutoCAD, sehemu kubwa ya kazi hizo ni pilau. Gene Amdahl, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliliweka jambo hili katika hesabu mwaka 1967: kama asilimia 5 tu ya kazi ni ya kufuatana, basi hata ukipewa kori elfu moja huwezi kuifanya kazi nzima iwe na kasi zaidi ya mara 20.

Hapo kijana akauliza swali ambalo lilifungua mambo yote: na gemu je, ni vitunguu au pilau?

Ni pilau kwa sehemu kubwa. Kwenye Counter-Strike kila fremu, yaani picha moja ya gemu, inapoandaliwa, prosesa inapokea ulichobonyeza, inajua nani yuko wapi, risasi imempata nani, kisha inaikabidhi kadi ya grafiksi ichore. Gemu za siku hizi hugawa baadhi ya kazi hizo kwa kori sita au nane, lakini kuna uzi mmoja mkuu ambao wengine wote wanaungoja. Kwa maneno mengine, ukuta wa dada na gemu ya mdogo wake vina njaa ya kitu kimoja: kori moja yenye kasi kubwa, na nyingine chache za kuisaidia. Walikuwa wamegombana wiki nzima kwa kudhani gemu na uchoraji vinavutana. Haviko hivyo. Kinachovutia upande mwingine ni kurenda peke yake.

Basi ikabaki kujua kurenda kuna uzito gani katika maisha ya dada.

"Unarenda mara ngapi?"

"Kila siku, kaka."

Tukafungua folda ya picha zake za V-Ray, programu anayorendea, tukazipanga kwa tarehe. Mwezi mzima wa Januari kulikuwa na picha kubwa za mwisho tisa. Zilizobaki zilikuwa majaribio madogo ya mwanga na rangi, dakika mbili tatu kila moja. Picha kubwa moja ilikuwa inachukua kama saa moja na dakika hamsini kwenye laptopu, na karibu zote zilikuwa na saa za usiku wa manane. Dada mwenyewe alishangaa. Alikuwa anazikumbuka kama kazi ya kila siku kwa sababu zinamkera: feni inalia, laptopu inachoma mapaja, mteja anapiga simu kuuliza picha iko wapi.

Ukizijumlisha zote tisa ni saa 16 na nusu kwa mwezi, na nyingi zilipita akiwa amelala. Uchoraji ni saa sita au saba kwa siku, siku sita kwa wiki, na ndani yake kuna zile sekunde kumi na moja, na nane, na tano, kila anapogusa kitu kizito. Mimi nazihesabu sekunde hizo kuwa ghali zaidi, kwa sababu anazisubiri akiwa ameshika mausi na wazo liko kichwani, na wazo likikatwakatwa hivyo kutwa nzima mtu anachoka kabla ya mchana. Renda ya saa mbili usiku haimchoshi mtu aliyelala. Hii ndiyo hukumu yangu kwenye kisa hiki, na kila nilichoshauri baada ya hapo kilitoka humo.

Kulikuwa na jambo moja zaidi la kupima. V-Ray ina injini mbili, moja inarendea kwenye prosesa na nyingine kwenye kadi ya grafiksi. Corona, programu nyingine ya kurenda, inategemea prosesa tu. Dada anatumia V-Ray ndani ya SketchUp na hakuwa amewahi kugusa injini ya kadi, kwa sababu laptopu yake haikuwa na kadi ya maana. Kompyuta mpya ingekuwa nayo kwa ajili ya gemu. Kwa hiyo ile fedha ambayo kijana angeiweka kwenye kadi ilikuwa inamnunulia dada mashine ya kurenda bila wao kujua.

Kwa Xeon nilimaliza haraka, ingawa sipendi kuidharau, maana kompyuta za aina hiyo zimesomesha wengi hapa mjini na zimejengwa imara kweli. Kasi yake ya kawaida ni gigahezi 2.4. AutoCAD ya 2024 inapendekeza 3 na kuendelea kwa kasi ya kawaida, na 4 na kuendelea prosesa inapokimbia. Kori moja ya Ryzen 7 7700, ambayo ndiyo tuliyoichukua mwishoni, inafanya kazi karibu mara mbili ya kori moja ya Xeon ile, na hata ukizikimbiza zote pamoja kwenye kurenda, kori 8 mpya zinazishinda kori 14 za mwaka 2016. Halafu Xeon hiyo haimo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Windows 11, na Windows 10 ilikuwa inaachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba mwaka huo huo, miezi minane mbele. Kuna njia za kuilazimisha Windows 11 iingie. Lakini Valorant kwenye Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot, vitu vya usalama vya kompyuta, viwe vimewashwa, na mashine iliyolazimishwa bila vitu hivyo inagomewa mlangoni. Kijana aliposikia hilo, Xeon ikawa imekufa kwake.

7800X3D ilitaka maneno zaidi, kwa sababu ni prosesa nzuri mno na kijana aliipenda kwa sababu sahihi. Ina kache ya MB 96, wakati 7700 ina 32. Kache ni kabati la jikoni: kilichomo kabatini unanyoosha mkono tu, kisichomo unatoka kwenda stoo, na stoo ndiyo RAM. Gemu inazunguka kwenye vitu vilevile mara elfu kwa sekunde, kwa hiyo kabati kubwa linaisaidia sana. Ila faida hiyo unaiona pale ambapo prosesa ndiyo inayochelewesha. Kama kadi ya grafiksi ndiyo iliyoelemewa, prosesa inamaliza mapema na kukaa kuisubiri, na kabati kubwa halina wa kumfaa.

Nikamuuliza monita yake ni ya aina gani. Hakuwa na hakika. Jioni akanitumia picha ya karatasi iliyobandikwa nyuma: inchi 24, 1920 kwa 1080, 75Hz. Monita hiyo inabadilisha picha mara 75 kwa sekunde, basi. Prosesa ikitoa fremu 400, kioo kitaonyesha 75. Haki isemwe, fremu za ziada hupunguza kidogo ule ucheleweshaji kati ya kubonyeza na kuona, na mchezaji mzuri anausikia mkononi. Lakini 7800X3D ilikuwa imewazidi kwa karibu laki sita juu ya 7700, na laki sita ile ilikuwa inatoka kwenye kadi, ambayo ingemfaa yeye na dada yake pia. Kwa uchoraji tena, kasi ya juu ya 7800X3D ni gigahezi 5.0 na ya 7700 ni 5.3. Dada angelipa zaidi kupata pungufu. Kijana alinyamaza, akafikiri, akasema, "Kwa hiyo kwanza monita." Ndiyo. Akija kununua monita ya 240Hz na kadi kubwa, hapo 7800X3D itakuwa na kazi ya kufanya.

Kuhusu lag (gemu ya mtandaoni kuchelewa kuitikia) aliyokuwa kijana anailalamikia, hiyo haikuwa ya prosesa wala ya kadi. Seva za Counter-Strike hazipo Dar, ziko mbali kama Johannesburg na Dubai, na safari ya kwenda na kurudi hainunuliwi dukani.

Core i7-14700K ya Intel waliitaja pia, kwa ajili ya kori zake 20. Ni prosesa yenye nguvu kwenye kila kitu, ila ikikimbia inaruhusiwa kula hadi Wati 253, na chumba chao hakina kiyoyozi. Ungehitaji kipozeo cha gharama, pawa saplai kubwa na UPS kubwa zaidi. Tena Julai 2024 Intel yenyewe ilitangaza kwamba prosesa za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinaomba umeme mwingi kupita kiasi na baadhi zinaharibika. Agosti ikatoa marekebisho na kuongeza miaka miwili ya dhamana. Marekebisho yanazuia, hayaponyi iliyokwisha kuumia. Kwa mtu anayenunua mpya na kusasisha BIOS, programu inayoiamsha kompyuta, siku ya kwanza ni sawa. Kwa mtumba, mimi simshauri mtu.

Na ingekuwa wana milioni mbili tu, ningewapeleka moja kwa moja kwenye Ryzen 5 5600 na mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) yenye tundu la AM4, bila kuona haya. Kori sita, gigahezi 4.4, na RAM zake za DDR4 ni rahisi kupatikana. Watu wengi wangeishi nayo vizuri.

Tulichochukua ni Ryzen 7 7700. Kori 8, nyuzi 16, TDP (kipimo cha kiwandani cha joto lake) ya Wati 65, na ndani ya boksi kuna kipozeo kinachotosha. Ilipotoka Januari 2023 bei yake ilikuwa dola 329, sisi tuliipata kwa laki nane na nusu. Muuzaji alijaribu kutusogeza kwenye 7700X. Nikakataa. Ile inafika gigahezi 5.4, yaani nyongeza isiyofika asilimia 2, lakini inaruhusiwa kuvuta Wati 142 wakati hii inaishia 88, na haiji na kipozeo. Kwa Dar ya Februari, tofauti ya Wati 54 ndani ya chumba kilichofungwa utaisikia mgongoni. Kuna na 9700X ya Agosti 2024, mpya zaidi, nayo haiji na kipozeo na bei yake ilikuwa bado juu.

Kwenye kadi ndiko tuliko­bishana mimi na kijana. Alitaka RTX 4060, mimi nikasema RTX 3060 ya GB 12. Kwa gemu 4060 ina kasi zaidi, hilo sikumficha. Lakini ina kumbukumbu ya GB 8. Ukirenda kwenye kadi, nyumba nzima pamoja na miti, nyasi, makochi na picha za vigae lazima iingie kwenye kumbukumbu ya kadi. Isipoingia, kazi inakwama au inapungua mwendo vibaya. Dada ana miti mingi, wateja wake wanapenda bustani. Kijana alikubali kwa sababu fedha nyingi ni ya dada, na kwa 75Hz 3060 ilikuwa inamtosha kwa gemu zake zote mbili.

Vilivyobaki nitavipita upesi. Mazabodi ya B650, SSD ya kuhifadhia mafaili ya TB 1, pawa saplai ya Wati 650. RAM ya GB 32, nikasisitiza ziwe mbili za 16 na si moja ya 32, maana prosesa inasoma kwa njia mbili na ukiweka moja umeziba njia moja. UPS ya VA 1,200. Ile ndogo ya 650 mara nyingi hubeba takribani Wati 360, na prosesa, kadi na monita vikikimbia pamoja vinaukaribia mpaka huo. Ikizidiwa umeme unapokatika, inazima na faili linakwenda. Jumla ikafika milioni tatu, laki tatu na elfu ishirini.

Tuliifunga Jumamosi mezani kwao. RAM tukaziweka tundu la pili na la nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa, pesti ya kupitisha joto ilikuwa imeshapakwa kwenye kipozeo, hakuna kilichosumbua. Nikawasha. Feni zikazunguka, taa zikawaka, kioo cheusi. Dakika moja. Dakika mbili. Kijana akanyoosha mkono kwenye swichi ya ukutani, nikamshika kifundo. Mazabodi za AM5, kama hii yao, zikiwashwa mara ya kwanza hujipima na RAM, zinajaribu kasi na umeme mpaka zikubaliane, na kazi hiyo inachukua dakika kadhaa bila neno lolote kwenye kioo. Wengi huzima hapo hapo, wakawasha upya, na kipimo kinaanza mwanzo, kisha wanarudisha mazabodi nzima dukani kwa madai kwamba imekufa. Sisi tulikunywa chai. Dakika ya nne picha ikatokea.

Nikaingia BIOS nikawasha EXPO, mpangilio unaoipa RAM kasi yake kamili, kwa sababu RAM tulizonunua ni za 6000 na mazabodi ilizianzisha kwa 4800. Hilo nalo watu wengi hawalijui, wanalipia kasi halafu haitumiki miaka yote.

Usiku saa nne kijana akanipigia, sauti imekufa. Counter-Strike inatoa fremu 30, ina maana tumepigwa. Nikamwambia aangalie waya wa HDMI umechomekwa wapi. Alikuwa ameisogeza meza, akauchomoa waya na kuurudisha kwenye tundu la mazabodi badala ya la kadi. Prosesa za Ryzen 7000, ukiacha zile zenye F mwishoni, zina kadi ndogo ya ndani, kwa hiyo picha inatokea vizuri na wala hujui kwamba kadi yako ya laki tisa imelala. Akahamisha waya, hakunipigia tena.

Baada ya wiki mbili nilipita kuona. Lile faili la ghorofa, lililokuwa linafunguka kwa dakika tatu na sekunde arobaini, lilifunguka kwa dakika moja na sekunde ishirini. Picha kubwa ya V-Ray kwenye prosesa ilichukua dakika ishirini, na kwenye kadi dakika saba. Injini hizo mbili hazitoi picha moja sawasawa, vivuli na vioo vilitofautiana kidogo, na dada ilimbidi akae siku nzima kurekebisha mwanga wake ndipo aikubali ya kadi.

Ukuta ulikuwa wa sekunde sita. Nilitegemea nne. Tukachunguza faili na kukuta michoro ya AutoCAD aliyopewa na mpima ardhi imeingizwa ndani na kuvunjwavunjwa vipande, maelfu ya mistari ambayo Revit ilikuwa inaibeba kila anapogusa chochote. Na kochi moja la sebuleni, alilolipakua bure, lilikuwa na maumbo mengi kuliko paa zima. Tukafuta michoro ile, tukaiunganisha kwa kiungo badala ya kuiingiza, tukabadilisha kochi, tukasafisha familia (maumbo ya Revit kama milango na madirisha) zisizotumika. Ukuta ukashuka hadi sekunde tatu. Nusu ya kungoja iliyokuwa imebaki ilikuwa ndani ya faili, na hakuna prosesa ambayo ingeiondoa. Laiti ningelifungua faili lile vizuri siku ya kwanza, hata kwenye laptopu ya zamani angepata nafuu. Siku hizi ndicho ninachoanza nacho.

Jambo ambalo hatukulimaliza kwa vifaa ni muda. Renda ikiwa kwenye kadi, gemu haichezeki. Ikiwa kwenye prosesa, gemu inakwamakwama. Wamekubaliana wenyewe: picha za mwisho zinaanza kijana anapokwenda mpirani saa kumi na moja jioni, au anapolala. Dada amebandika ratiba ukutani kwa kalamu nyekundu.

Mwezi Aprili dada alinipigia tena. Ofisi moja inataka kumpa kazi za kudumu za picha, nao wanatumia 3ds Max, programu ya kuunda maumbo, na Corona. Hilo linabadilisha jibu langu, kwa sababu Corona haiitumii kadi kwa kurenda, na kazi za kudumu maana yake vitunguu kila siku. Nimemwambia asinunue kompyuta nyingine. Mkataba ukitiwa saini, atoe 7700 aiuze, aweke Ryzen 9 7900: kori 12, nyuzi 24, TDP ile ile ya Wati 65, tundu lile lile, na hata kipozeo cha boksini ni kile kile. Anachotakiwa kuongeza ni pesti mpya na RAM, kutoka 32 hadi 64. Akauliza kama mdogo wake ataathirika kwenye gemu. Kasi ya kori moja ya 7900 inafika gigahezi 5.4. Kwenye monita ya 75Hz hatajua kama imebadilishwa.